Punje 52 za Minneapolis, punje 53 za Tanga: kuisubiri sikusare ya Septemba

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kwa sasa naishi Minneapolis, Marekani. Binti yangu ana miaka tisa. Jumamosi ya tarehe 1 Agosti tulitia maharagwe kwenye chupa ya jemu, na kila jioni inayofuata anatoa punje moja. Zikiisha, majira ya majani kuanguka yameanza. Yeye ametia punje 52 ili afike tarehe 22 Septemba, kama kalenda ya shule ilivyoandikwa. Mjomba wake aliyeko Tanga ameangalia kwenye simu, anasema ni tarehe 23, kwa hiyo punje ziwe 53. Na mtangazaji wa hali ya hewa wa huku anasema majira hayo yanaanza tarehe 1 Septemba. Nani yuko sahihi? Je, ni kweli siku hiyo mchana na usiku vinalingana? Na kwa Kiswahili niyaiteje majira haya, vuli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hiyo chupa ya jemu imenifurahisha sana. Nimefundisha jiografia miaka mingi na somo hili ni gumu kulifundisha ubaoni, kwa sababu watoto wa kwetu hawana cha kusubiri: jua la Tanga mwezi wa Septemba halina tofauti kubwa na la Agosti. Huyo binti ana kitu cha kukishika mkononi kila jioni. Usimwache atoe hata punje moja bila kujua anahesabu nini.

Punje 52 ni sahihi, na punje 53 ni sahihi pia. Mwaka huu wa 2026 jua linavuka ikweta tarehe 23 Septemba, saa sita na dakika tano usiku kwa saa za Greenwich. Tanga iko mbele ya Greenwich kwa saa tatu, kwa hiyo kwa mjomba ni saa tisa na dakika tano, usiku wa kuamkia Jumatano ya tarehe 23. Minneapolis katika miezi hii mko nyuma kwa saa tano, kwa hiyo kwenu bado ni Jumanne ya tarehe 22, saa moja na dakika tano jioni. Kama binti na mjomba wake watakuwa kwenye simu wakati huo, mmoja atakuwa dirishani akitazama jua la jioni na mwingine atakuwa kitandani usiku wa manane, na jambo lenyewe litawapitia wote wawili kwa mpigo mmoja. Kinachotofautiana ni jina la siku tu.

Kwa Kiswahili jambo hili huitwa sikusare, na wengine husema ikwinoksi. Neno sikusare ni zuri, ila lina mtego: linakufanya ufikiri ni siku nzima. Sikusare ni nukta ya wakati, kama vile mtu anapovuka kizingiti cha mlango. Alikuwa ndani, sasa yuko nje. Huwezi kusema amevuka mlango kutwa nzima.

Mweleze hivi, ataelewa. Kila siku ya mwaka pana mahali duniani ambapo jua la adhuhuri linasimama utosini barabara, mtu akawa hana kivuli ila kile kilicho chini ya nyayo zake. Mahali hapo huhama. Mwisho wa Juni palikuwa kwenye Tropiki ya Kansa, mstari unaopita kusini kidogo tu ya mji wa Muskati. Tangu hapo pamekuwa pakishuka kuelekea kusini, polepole mwanzoni, kisha kwa kasi zaidi. Septemba hii jua la utosini linashuka kilomita 43 hivi kwa siku. Gawa kwa saa 24: ni chini kidogo ya kilomita mbili kwa saa. Huo ni mwendo wa mtoto mdogo anayeshikwa mkono na mama yake njiani. Sikusare ni ile nukta ambayo mtoto huyo anaikanyaga ikweta. Mwaka huu ataikanyaga katikati ya Bahari ya Pasifiki, pande za visiwa vya Kiribati, kwa sababu huko ndiko kutakuwa adhuhuri wakati huo.

Jua lenyewe haliendi popote, bila shaka. Dunia ndiyo inayolizunguka ikiwa imeinama nyuzi 23.4, na haibadilishi upande wa kuinama. Juni ncha ya kaskazini imelielekea jua, Desemba imelipa kisogo. Katikati ya safari hizo mbili, Machi na Septemba, hakuna ncha inayolielekea jua wala inayolipa kisogo, na mwanga unaangaza kutoka ncha hadi ncha.

Kabla sijaliacha suala la hesabu, hakikisha binti na mjomba wanahesabu kwa kanuni moja. Watu wengi hutofautiana kwa siku moja kwa sababu mmoja anaihesabu siku ya leo na mwenzake anaiacha. Lugha yetu ilishalimaliza jambo hilo: leo haihesabiwi. Tunaanza na kesho, kisha kesho kutwa, kisha mtondo, kisha mtondogoo. Ijumaa ya tarehe 18 Septemba chupa itakuwa na punje nne, na utaweza kumwambia binti kwamba sikusare ni mtondogoo. Maneno hayo mawili ya mwisho yanapotea hata hapa Tanga. Chupa yenu ni nafasi nzuri ya kumpa.

Sasa hili la mchana na usiku kulingana. Miaka yangu ya kwanza ya ualimu niliwaambia wanafunzi kwamba siku hiyo dunia nzima ina saa 12 za mchana na saa 12 za usiku, sawasawa. Niliamini hivyo, na kitabu kilisema hivyo. Kisha msichana mmoja wa kidato cha pili akaja na kipande cha kalenda chenye nyakati za jua kuchomoza na kuzama, akaniuliza mbona mchana una dakika za ziada. Sikuwa na jibu siku ile. Nilikwenda kulitafuta, na tangu hapo sijawahi kulifundisha vingine.

Dakika hizo za ziada zina sababu mbili. Ya kwanza, jua si nukta, ni duara. Tunasema limechomoza pale ukingo wake wa juu unapotokeza, na tunasema limezama pale ukingo huohuo wa juu unapotoweka. Asubuhi tunawahi kulihesabu, jioni tunachelewa kulifuta. Ya pili ndiyo inayonishangaza mpaka leo: hewa hupinda mwanga. Karibu na upeo wa macho hewa inainua sura ya jua kwa kiasi kinachozidi kidogo upana wa jua lenyewe. Maana yake ni kwamba jua unaloliona likigusa ukingo wa ziwa jioni, jua zima jekundu, tayari limekwisha kuwa chini ya upeo. Unaona sura yake tu, iliyoletwa na hewa.

Ukijumlisha hayo mawili, siku ya sikusare mchana wa Minneapolis unapata saa 12 na dakika tisa hivi. Jua litachomoza saa moja na dakika moja asubuhi, litazama saa moja na dakika kumi jioni. Huko kwenu, baada ya hapo, mchana unapungua dakika tatu na sekunde kadhaa kila siku, kwa hiyo siku ambayo mchana na usiku vinakaribiana kabisa inakuja siku tatu baadaye, tarehe 25 au 26 Septemba. Kama binti anapenda usahihi, atie punje tatu nyingine kwenye chupa ndogo. Na kwenye ikweta penyewe, Nanyuki kwa mfano, siku ya kulingana kabisa haipo mwaka mzima. Kule mchana una saa 12 na dakika saba hivi kila siku, Januari hadi Desemba.

Rudi kidogo kwenye nyakati nilizokutajia, maana mwaka huu zina zawadi ndani yake. Sikusare saa moja na dakika tano, jua kuzama saa moja na dakika kumi. Yaani kwenu Minneapolis jua litavuka ikweta likiwa limebakiza dakika tano tu kuzama. Hilo si jambo la kila mwaka. Mwaka jana sikusare iliwakuta mchana, saa saba na dakika 19. Mwakani itawakuta mmelala, saa saba na dakika mbili usiku. Mwaka huu mkisimama mahali panapoonekana magharibi, mtaitazama ikitokea mbele ya macho yenu. Na siku hiyo jua huzama magharibi hasa, kwa hiyo mtaa wowote ulionyooka mashariki-magharibi utalikuta jua limekaa kwenye ncha yake, kati ya nyumba za kushoto na za kulia. Lake Street ya mjini kwenu ni mmojawapo. Kule Chicago, ambako mitaa mingi imepangwa hivyo, watu hujitokeza na kamera zao siku hizi, Septemba na Machi. Tazameni vivuli na mwanga kwenye kuta. Jua lenyewe asilikodolee macho, hata likiwa jekundu.

Kitu kingine nataka ukione kwenye nyakati hizo. Marekani mmesogeza saa mbele kwa saa moja mpaka Jumapili ya tarehe 1 Novemba. Ondoa hiyo saa moja: jua linachomoza saa kumi na mbili na dakika moja, linazama saa kumi na mbili na dakika kumi. Hiyo ni saa ya Kiswahili! Babu zetu walianza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na saa za usiku linapozama, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu pwani yetu jua halina kigeugeu. Tanga, mchana mrefu kuliko yote unazidi ule mfupi kuliko yote kwa dakika 35 hivi tu. Minneapolis mchana wa Juni unafika saa 15 na dakika 37, wa Desemba unashuka hadi saa 8 na dakika 46. Mtu anayeishi huko akikuuliza kwa nini Waswahili wanasema saa moja wakati saa ya ukutani inaonyesha saba, mwambie asubiri sikusare. Siku za Machi na Septemba jua la kwake linaenda kama la kwetu, kisha linaachana nalo.

Mtangazaji wa hali ya hewa naye hajakosea. Ana shabaha nyingine. Wataalamu wa hali ya hewa wanaugawa mwaka kwa miezi mizima: Juni, Julai na Agosti ni majira ya joto, Septemba, Oktoba na Novemba ni majira ya majani kuanguka. Wanahitaji vipande vinavyoanza na kwisha siku zilezile kila mwaka ili walinganishe joto na mvua za mwaka huu na za miaka iliyopita, na tarehe 1 Septemba hadi 30 Novemba inawapa siku 91 kamili, mwaka wowote ule. Wataalamu wa falaki wao wanafuata jua. Kwa hesabu yao majira haya yataanzia sikusare hadi tarehe 21 Desemba, siku 89 na saa 20 hivi. Majira ya joto yaliyopita kabla yake yana siku 93 na saa 15. Tofauti hiyo inatokana na njia ya dunia, ambayo si duara kamili: mwanzoni mwa Januari tunakuwa karibu zaidi na jua, na tukiwa karibu tunakwenda kwa kasi zaidi, kwa hiyo nusu hii ya mwaka inamalizika haraka.

Ukiniuliza mimi, hesabu ya wataalamu wa hali ya hewa inaukaribia zaidi ukweli wa ngozi yako. Linganisha tarehe 22 Septemba na tarehe 20 Machi. Jua liko palepale, mchana una urefu uleule. Lakini Septemba watu wa Minneapolis bado wanatembea ufukoni mwa maziwa ya mjini na fulana, na Machi maziwa hayohayo kwa kawaida bado yamefunikwa na barafu. Maji na ardhi vinachelewa kupata joto na vinachelewa kulipoteza. Jua linaondoka kwanza, joto linafuata baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo binti asivunjike moyo kama punje ya mwisho itatoka na nje kuna joto. Chupa inahesabu mwanga.

Na miti nayo inahesabu mwanga. Kuna vuguvugu za siku moja na baridi za siku moja zinazoweza kuudanganya mti, lakini urefu wa usiku haudanganyi, ndiyo maana miti mingi ya kaskazini inautumia kama kengele. Usiku ukirefuka kiasi fulani, mti unaanza kurudisha chakula kilichomo kwenye majani na kuacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani. Klorofili ikiisha, manjano iliyokuwamo ndani ya jani siku zote inaonekana. Nyekundu ya miti ya mepo (maple) ni habari nyingine: hiyo inatengenezwa upya, wakati huohuo jani likijiandaa kuanguka. Kisha kwenye shina la jani inajengeka tabaka nyembamba inayolikata taratibu. Kaskazini mwa Minnesota rangi hukolea kuanzia katikati ya Septemba, na mjini kwenu Oktoba. Mpe binti jani moja la mepo alibane ndani ya kitabu siku ya sikusare na jingine siku rangi itakapokolea kabisa, ayaweke pamoja.

Kuhusu jina. Usiyaite vuli, tafadhali. Najua wako wafasiri wanaofanya hivyo, na nia yao ni njema, lakini vuli ni mvua zetu za Oktoba hadi Desemba. Mtoto akikuambia kwa simu "huku ni vuli", bibi yake Tanga ataona mawingu na mbegu za mahindi, hataona majani mekundu. Kipupwe nacho ni ubaridi wa Juni na Julai. Mimi hutumia mapukutiko, au majira ya mapukutiko, kwa sababu kupukutika ndiko kunakoonekana kwa macho. Wenyewe huko pia wanayaita kwa kuanguka, "fall", kwa hiyo mtakuwa mnaongea kitu kimoja.

Ila hapa pwani hatukukosa majira ya Septemba. Tunayo demani. Kusi iliyovuma tangu baada ya masika inalegea, bahari inatulia, ngalawa zinakwenda mbali zaidi, na kabla kaskazi haijashika kunakuwa na wiki za upepo usio na msimamo. Kinachoulegeza upepo huo ni jua lilelile linaloshuka kuelekea kusini. Joto kali linahama pamoja nalo, ukanda wa mvua unalifuata kwa kuchelewa, na huo ukifika kwetu ndiyo vuli. Kwa hiyo sikusare inayoanza kupukutisha majani ya Minneapolis ndiyo inayokuja na mvua za Oktoba Tanga. Ni tukio moja lenye sura mbili, na binti yako ana jamaa kwenye kila sura.

Swali moja hukuuliza, ila binti atauliza mwakani: kwa nini tarehe hubadilika? Dunia hulizunguka jua kwa siku 365, saa tano na dakika 49 hivi. Kalenda haiwezi kuandika robo ya siku, kwa hiyo kila mwaka sikusare inachelewa kwa saa sita kasoro, na mwaka mrefu ukiingia inarudishwa nyuma. Mwaka jana Tanga ilikuwa tarehe 22 usiku wa saa tatu na dakika 19. Mwaka huu ni tarehe 23 saa tisa usiku. Mwakani, 2027, itakuwa tarehe 23 saa tatu na dakika mbili asubuhi, na kwa kuwa Minneapolis nako itakuwa imeshaingia tarehe 23, binti na mjomba watatia punje sawa. Mwaka 2028 una siku 366, na sikusare itarudi tarehe 22 kwa wote.

Wazee wetu wa pwani wanaijua hii robo siku kwa njia yao. Kalenda ya Nairuzi, ambayo wavuvi na wakulima waliitumia kujua pepo na misimu, huanza na Siku ya Mwaka na huhesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Mzee hakusema "mwisho wa Septemba". Alitaja mwongo wa ngapi, na msikilizaji akajua upepo ulioko na cha kupanda. Hiyo pia ni chupa ya maharagwe, ya siku kumi kumi. Lakini mwaka wa Nairuzi una siku 365 tu, hauna siku ya kuongeza, kwa hiyo kwa hesabu ya zamani Siku ya Mwaka inarudi nyuma siku moja hivi kwa kila miaka minne ya kalenda ya ukutani. Watu wa Makunduchi, Unguja, wanaoadhimisha Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, wanasherehekea mwaka wa jua ambao haukusahihishwa. Kalenda ya ukutani nayo ilikuwa na kasoro ya aina hiyo, ndogo zaidi. Kufikia mwaka 1582 sikusare ya Machi ilikuwa imekimbia kwa siku kumi, na Papa Gregori wa 13 akaagiza siku hizo zifutwe: walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15.

Shuleni huenda akaambiwa kwamba siku ya sikusare yai linasimama wima kwenye meza. Yai lenye ganda lililokwaruza kidogo linasimama siku yoyote, ukiwa na subira. Asipoteze siku hiyo kwa yai. Nina kitu bora zaidi cha kumfanyisha.

Minneapolis iko karibu kabisa na nyuzi 45 kaskazini, nusu ya njia kutoka ikweta hadi ncha ya dunia. Siku ya sikusare jua la adhuhuri kwenu linapanda hadi nyuzi 45 juu ya upeo, na jua likiwa kwenye nyuzi 45, kivuli cha kitu chochote kinakuwa na urefu uleule wa kitu chenyewe. Adhuhuri ya kweli tarehe 22 itakuwa saa saba na dakika tano hivi mchana, si saa sita. Siku hiyo ni ya shule, kwa hiyo mwombe mwalimu wake mapema. Binti asimame wima mahali palipo sawa, mwenzake aweke alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli cha kichwa, kisha mpime kutoka kisigino hadi kwenye chaki. Kama ana sentimita 132, kivuli kitakuwa na sentimita 132, au mmezidiana kwa sentimita moja. Mwezi wa Juni kivuli hicho kilikuwa kifupi, sehemu mbili kwa tano hivi za urefu wake. Mwezi wa Desemba kitamzidi zaidi ya mara mbili. Siku za sikusare peke yake ndipo mtoto wa Minneapolis anapolingana na kivuli chake cha adhuhuri.

Jumamosi ya kabla, kama hali ya hewa ni nzuri, fanyeni jaribio refu zaidi. Simikeni kijiti uwanjani, na kila nusu saa mtie kokoto kwenye ncha ya kivuli. Kutwa nzima. Miezi mingine kokoto hizo huchora upinde. Karibu na sikusare zinachora mstari ulionyooka, magharibi hadi mashariki, kiasi kwamba unaweza kuweka rula juu yake. Nimeliona jambo hilo kwenye uwanja wa shule mara nyingi na bado huwa nainama kuutazama ule mstari.

Mjomba naye asiachwe. Jumatano ya tarehe 23 saa sita na robo mchana, kijiti chake cha mita moja hapa Tanga kitakuwa na kivuli cha sentimita tisa tu, kikielekea kusini, kwa sababu jua bado liko kaskazini kidogo ya utosi wake. Apime, aandike. Tanga iko kilomita 560 na ushee kusini ya ikweta, na jua linakwenda kilomita 43 kwa siku. Mpe binti hesabu hiyo aigawe mwenyewe: atapata siku 13. Tarehe 23 Septemba ongeza 13 ni tarehe 6 Oktoba. Jua litakuwa limepita utosi wa Nairobi tarehe 26 Septemba na wa Mombasa tarehe 3 Oktoba, na siku nne baada ya Tanga litafika Dar es Salaam.

Kwa hiyo punje zile 52 zikiisha asizitupe. Ahesabu 13 azirudishe kwenye chupa, aendelee kutoa moja moja. Tarehe 6 Oktoba, saa sita na dakika 12 mchana, mjomba asimame uwanjani bila kofia, apige picha ya miguu yake na aitume. Minneapolis itakuwa saa kumi na dakika 12 alfajiri, kiza kitupu. Binti ataikuta kwenye simu yako akiamka: viatu vya mjomba, mchanga wa Tanga, na kivuli hakuna.